Koti la Kwendea Novemba

Tarehe 12 Januari

Wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni aliyeingia hadi chumbani bila kubisha hodi. Mimi mzima, ila goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, limeanza kunisemesha kila asubuhi. Chumba cha kushonea kimejaa sare za shule. Watoto hurefuka mwaka mzima, lakini wazazi wote hugundua siku moja. Binti yangu hajambo, mjukuu ameota meno mawili na ameshanijaribia kidole. Jirani wa ukutani amenunua redio kubwa kuliko ile niliyokuwa namlalamikia.

Sasa sikiliza. Usinijibu kwa simu. Sikio langu la kushoto lilishastaafu, na isitoshe simu huwezi kuikunja ukaiweka chini ya mto. Andika.

Nataka twende kule kwenye kalenda.

Usiniambie nimechanganyikiwa. Ndugu yangu alipoachiwa kalenda ile na yule injinia mgeni aliyefunga naye mitambo ya umeme, aliitundika jikoni kwenu, na tarehe zilipopitwa akakataa kuitoa. Kila jioni akinawa mikono alikuwa akikuahidi jambo. Mke wangu, nitakupeleka Machi. Na wewe ulijua Machi ni lile daraja la mawe lenye maduka juu yake. Mimi akija kunitembelea alikuwa ananiahidi Juni, treni nyekundu inayopanda mlima. Kwake mwenyewe alikuwa amejiwekea Novemba, ziwa na milima ya theluji, hata akanunua koti zito la sufu la kwendea huko. Alikufa hajalivaa hata siku moja. Mwezi ujao inatimia miaka mitatu.

Nimeshashona nguo za safari za watu chungu nzima, wakaenda wakarudi, na mimi nipo palepale nikingoja mwingine aje apimwe. Inatosha. Nimeuliza kwa wakala wa safari, yule mama mwenye ofisi juu ya duka la miwani. Anasema Septemba huko ni nzuri, si baridi sana wala hakuna msongamano wa watalii. Wewe omba likizo hapo zahanati na ushughulikie pasipoti. Picha upige mapema, usingoje dakika ya mwisho kama kawaida yako.

Jambo la mwisho. Nitumie koti lake. Nitalikata nishone vizibao viwili, chako na changu, tuvae siku tutakaposimama pale Novemba. Hivyo tutakuwa tumekwenda watatu kwa tiketi mbili.

Ni mimi, wifi yako wa cherehani

•

Tarehe 3 Februari

Wifi mpenzi, shikamoo.

Pole kwa goti. Weka kitambaa cha maji ya moto kabla ya kulala, na usinijibu kwamba huna muda, nakujua. Huku tunaendelea. Mizani ya watoto imeharibika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo tunaazima ya muuza nafaka wa upande wa pili wa barabara. Juzi mama mmoja alimwuliza mwuguzi mwenzangu kama mtoto wake anauzwa kwa kilo. Tulicheka hadi mganga mkuu akatoka ofisini kutukemea, naye akacheka.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nilidhani nitalia. Badala yake nikaishusha kalenda, nikaifuta vumbi na kuanza kuipekua kama mtu anayechagua kitambaa. Mei je? Umeisahau Mei, lile soko la maua kando ya mfereji? Na Septemba yenyewe, ule uwanja wenye mnara wa saa, tukiufikia Septemba kweli itakuwa vizuri zaidi. Aprili ndiyo hatuna, wala sikumbuki ilikuwa picha ya nini. Aliichana kufungia misumari, nikamnunia siku mbili.

Kwa hiyo nimekubali. Likizo nimeomba.

Pasipoti imeanza na mkosi. Nimepiga picha kwenye studio iliyo mkabala na ofisi ya uhamiaji, nikapeleka, zikakataliwa. Nikapiga tena, zikakataliwa tena. Yule afisa alinigeuzia picha akanionyesha kwa ncha ya kalamu: meno. Haitakiwi meno kuonekana. Anasema hii ni pasipoti, si mwaliko wa harusi. Itabidi nirudi studio mara ya tatu.

Msalimie mjukuu, mwambie akuume na kidole cha pili.

Wako, wifi

•

Tarehe 20 Februari

Wifi,

Marahaba. Kitambaa cha moto kimesaidia, ila nakuambia wewe tu, binti yangu nimemwambia ni dawa niliyonunua.

Wiki hii nilikwenda kaburini na maua ya dukani, yale yasiyonyauka. Nikamweleza mpango wetu wote. Nilimwambia pia ulivyokubali Mei, maana yeye siku zote alisema Mei ni mwezi wa wanawake wasiojua thamani ya injini.

Wakala anataka kujua tunaanzia wapi. Mimi nasema tutue mji wenye daraja, tukae siku chache, kisha treni, kisha ziwa. Soko lako la maua liko njiani, kwa hiyo usinune. Makumbusho hatuingii zaidi ya moja. Miguu yangu si ya kusimamia sanamu. Tutachukua chumba kimoja chenye vitanda viwili. Unakoroma, lakini baada ya redio ya huyu jirani wewe ni kama wimbo wa bembelezi.

Zile picha zilizokataliwa usizitupe. Nitumie moja na mimi nione hayo meno yaliyoitia hofu serikali.

Na koti. Umenijibu kuhusu Mei, mizani, misumari na afisa. Kuhusu koti hukunijibu. Nalitaka mapema, maana sufu haikatwi kwa haraka, na bitana yake lazima niifumue kwa mkono.

Wifi yako wa cherehani

•

Tarehe 28 Machi

Wifi mpenzi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na chanjo mfululizo, halafu mwenzangu akaugua nikashika zamu zake. Mizani imetengenezwa. Nyumba iko salama, isipokuwa bomba la jikoni lilikuwa linavuja na sasa halivuji.

Pasipoti nimepata! Picha ya mara ya tatu ilikubaliwa. Niko mle ndani nimekaza uso kama mtu anayesomewa hukumu. Uliyoomba, ile ya meno, nimeiweka humu kwenye bahasha.

Kuhusu njia ya kupita nakubali, tutue kwenye daraja. Nimesikia kwamba Septemba jua la huko hulala upande asubuhi na jioni, kwa hiyo picha hutoka vizuri sana, hasa pale kwenye maji. Basi tusiende ziwani mchana. Halafu nafikiri ingekuwa afadhali tuchukue vyumba viwili. Wewe una goti, unahitaji kulala vizuri, na mimi nimezoea kuamka mapema nikatembeatembea chumbani. Au tunaweza kuisogeza safari mbele kidogo, hadi mwakani, tukajipanga zaidi? Nawaza tu.

Koti lipo. Limetundikwa nyuma ya mlango kama alivyoliacha. Nitaangalia namna ya kulituma.

Wako, wifi

•

Tarehe 9 Aprili

Wifi,

Hatujambo sote.

Picha nimeipata. Nilitaka nicheke, nikaishia kuishika chini ya taa ya cherehani muda mrefu, mteja amesimama mlangoni na gauni mkononi. Nimekujua tangu ulipoletwa kwetu ukiwa msichana unaficha mikono. Nimekuona ukicheka harusini, na nimekuona ukijilazimisha kucheka msibani ili watu waende zao wakalale. Tangu tumzike ndugu yangu sijakuona hivi. Hii si picha ya mtu aliyechekeshwa na afisa wa uhamiaji.

Na kuna mengine. Hujawahi kujua jua linalala upande gani. Mara ngapi umeanika nguo kivulini? Bomba lilikuwa linavuja na sasa halivuji, hujasema nani kalitengeneza. Chumba kimoja kimekuwa viwili, na Septemba imekuwa mwakani. Kazi yangu ni kuangalia nguo na kujua mwili umekaaje ndani yake. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Nakuuliza swali moja, nawe unijibu hilo tu. Nani alikuwa nyuma ya kamera?

Wifi yako

•

Tarehe 30 Mei

Wifi yangu, shikamoo.

Leo sina habari za zahanati. Nimekaa na barua yako wiki nyingi, nikiiweka chini ya mto kama ulivyonifundisha, na haikunipa usingizi.

Ni mwenye studio. Ni mrefu, anainama kila akipita mlango wake mwenyewe, na studio ni kichumba chenye kigoda kimoja, shuka jeupe ukutani na taa anayoisogeza kwa mguu. Siku ya kwanza aliniambia nikae kama mtu anayengoja zamu yake benki. Sijui kwa nini lilinichekesha. Picha ziliporudishwa hakutaka nilipe tena, akapiga upya, nikacheka tena. Mara ya tatu akaweka kamera chini akaniambia, "Mama, ofisi hizi hazitaki mtu mwenye furaha. Nenda nyumbani, urudi kesho na huzuni."

Nikarudi kesho yake, wifi. Huzuni niliitafuta njia nzima nikaikosa. Mimi, ambaye kwa miaka mitatu nilikuwa nayo hadi kwenye mfuko wa koti la kazini. Niliogopa sana siku ile. Ilibidi nimfikirie mganga mkuu akisoma taarifa ya mwezi ndipo uso ukakaa sawa.

Mke wake alikufa zamani, ana binti mkubwa aliyeolewa mbali. Ndiye aliyeziba bomba. Aliiona kalenda akaniuliza Aprili iko wapi, nikamweleza habari za misumari, akasema angependa kumjua mtu huyo. Mwezi uliopita ameniomba nimwoe, au tuseme anioe, alichanganya maneno mwenyewe. Sijamjibu. Nimemwambia kuna mtu mmoja lazima ajue kabla ya wote.

Sasa nikuambie linalonikosesha usingizi. Si yeye, ni wewe. Mimi na ndugu yako hatukujaliwa mtoto. Kamba iliyonifunga kwenu ilikuwa yeye peke yake. Nikiolewa na mwingine, nitakuwa nani yako? Mwanamke mmoja aliyewahi kukaa na ndugu yako? Ndiyo sababu nilitaka safari isogee. Nilitaka niendelee kuwa wifi yako mwaka mmoja zaidi. Siombi ruhusa, umri wangu ni hamsini na sita. Naomba usiniache.

Koti nimelifunga, litakufikia na mzigo wa kesho. Nilishindwa kulituma kwa sababu nilijua ukilikata, nusu itakuwa yangu, na nilihisi sistahili. Likate vyovyote upendavyo. Ukitaka vizibao vyote viwili viwe vyako, sitauliza.

Wako, sijui nimalizie na neno gani

•

Tarehe 25 Julai

Shikamoo.

Naandika kuuliza tu kama mzigo ulifika. Wakala wako amenipigia simu, anasema hujapita ofisini kwake na anahitaji jibu ifikapo katikati ya Agosti, la sivyo nafasi zitachukuliwa na wengine. Nimemwomba asubiri. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami huo mshindo nautegea sikio kila nikimwona tarishi anakata kona.

Kama hutaki kuniandikia, mwambie binti yako aniandikie kwamba goti lako ni zima. Hilo tu litanitosha.

Nakusalimu.

•

Tarehe 16 Agosti

Wifi yangu,

Goti ni zima. Mjukuu anasimama kwa kushika mguu wa cherehani, na meno yamekuwa sita. Binti yangu anakusalimu na amesema mimi ni mtu mbaya, kwa hiyo hilo limeshasemwa, huna haja ya kulirudia.

Mzigo ulifika. Nilikasirika, wifi. Nilikasirika hata nikashona gauni la mteja mikono ikiwa nyuma mbele, nikaligundua alipolivaa. Nilimwendea jirani kuhusu redio nikamwambia maneno ya miaka minne kwa mara moja, maskini, na siku hiyo ilikuwa imezimwa. Barua nilikuandikia mbili. Zilikuwa na maneno ya kukata, nami najua kukata. Nilizichana zote.

Halafu hasira ikaisha, na chini yake nikakuta woga. Binti yangu alikulia shule za bweni, ahadi za mjomba wake anazijua kwa mbali. Marafiki wa kazi wa ndugu yangu wamehama. Nyumba yenu ndiyo nyumba pekee duniani ambako mtu anaweza kusema "nipeleke Machi" na mwingine akaelewa. Niliona mtu mrefu ameingia mle, ameinama mlangoni, na amekuja kuishusha kalenda. Hukusema hivyo popote. Nilijisomea mwenyewe.

Wiki iliyopita nikajiambia, yaishe. Nikaliweka koti mezani, nikachukua chaki na mkasi. Sufu nzuri mno, wifi, hawatengenezi tena ya namna hii. Kabla ya kukata lazima ufumue bitana, nikaanza na mkono wa kushoto. Nikafika kwenye kifundo, nikasimama.

Nilikuwa nimesahau. Koti lile alilinunua limeshashonwa, na mikono ilimpita hadi kwenye vidole. Unamjua, mikono yake ilikuwa mifupi, tulimwita Kaa Pungufu tangu utotoni, kaa aliyepungukiwa magando. Alikuja nalo hapa nimpunguzie. Nikashika mkasi, akanishika mkono. Akaniambia, "Dada, usikate. Kunja ndani. Huenda nikarefuka." Mwanamume wa miaka hamsini na tatu. Nikamtukana, nikakunja kama alivyotaka, nikashonea kwa uzi wa kufumulika, kisha nikafunika na bitana.

Pindo lote limo, wifi. Limekaa humo kwa kiganja kizima, jipya, halijafifia hata kidogo. Nilicheka peke yangu chumbani hadi nikakaa chini, na sitakuficha kwamba nililia pia. Akiba haiozi.

Kwa hiyo mkasi nimeurudisha ndoanoni. Vizibao havipo. Na usiniulize tena wewe ni nani yangu. Yeye alikuoa, lakini miaka yote hii aliyekuwa anakuandikia ni mimi. Uwifi wetu hatukuuzika naye, ningeuona wakati wanashusha jeneza, nilikuwa nimesimama pembeni kabisa. Mjibu huyo mtu wako. Mwambie kalenda haishuki. Mwambie pia nitamwita shemeji siku nitakayomwona amebeba mizigo yangu kwenye ngazi za stesheni ile ya treni nyekundu, si kabla ya hapo. Na kwa kuwa Aprili hatunayo, basi picha yake atatupigia yeye. Tutakapopata mahali panapotupendeza, tutasimama mimi na wewe, ameinama yeye kwenye kamera, na meno yataruhusiwa.

Kwa wakala nimepita jana. Ni Septemba, kama tulivyopanga, hakuna cha mwakani. Nimechukua vyumba vitatu. Mkifunga ndoa kabla ya safari, tutarudisha kimoja. Tutakwenda wanne kwa tiketi tatu.

Sasa fanya kazi moja, uifanye leo. Chukua utepe wa kupimia, ule niliokuachia kwenye droo ya jikoni. Msimamishe wima, asiiname. Nipimie mkono wake kutoka begani, upite kwenye kiwiko akiwa amekikunja kidogo, hadi kwenye mfupa wa kifundo. Usikadirie. Kule Novemba kuna baridi.

Wifi yako